Mashine Iliyovaa Shati la Marehemu

Mjomba wangu, kaka yake mama, kazini wanamwita Chapchap. Jina hilo halimsifu wala halimtukani, limemganda tu kama rangi ya mlango. Wenzake wakiwa bado wanatafuta pa kuegesha gari, yeye ameshamaliza kazi, ameshasainiwa, yuko mlango mwingine. Anahudumia mashine za oksijeni majumbani, zile za kukaa sakafuni kama kabati dogo lenye magurudumu. Zinavuta hewa ya chumbani, zinaichuja, zinampa mgonjwa ile anayoihitaji kwa mpira mwembamba unaoingia puani. Kampuni inawaazima wagonjwa, na Mjomba anawazungukia, anabadilisha vichujio na kurekebisha kinachogoma.

Bibi, mama yake Mjomba, naye anaishi kwa mashine hiyo. Iko kati ya kitanda chake na kabati la nguo, na mimi nalala naye chumba kimoja. Shule niliacha kwa ajili hiyo. Mjomba yuko kazini mchana kutwa, mama yangu yuko mbali anafanya kazi za ndani, na Bibi hawezi kubaki peke yake. Sauti ya mashine ile naijua kuliko sauti ya mama. Inasema fuuu, inanyamaza kidogo, halafu pshii. Bibi anasema ni mume aliyeletewa uzeeni, anakoroma lakini haombi chakula. "Na wewe mke mwenzangu," ananiambia, "usimzoee sana. Huyu ni wangu."

Ili yaliyotupata yaeleweke, lazima nieleze kazi ya Mjomba inavyokwenda. Nimeiona kwa kukaa karibu naye jioni akiwa na simu ya kazi. Kila kazi inaingia kwenye simu kama oda: jina la mteja, mahali anapokaa, tatizo lake. Lakini oda tupu haifai kitu. Chini yake kuna alama ya kujumlisha. Unaibonyeza, unaongeza mashine ya mteja, ile hasa unayokwenda kuigusa, kwa kuskani stika yake. Simu inajiuliza: mashine hii ni ya mteja huyu? Kama ni yake, inaleta kijani na kazi inaendelea. Kama si yake, inaleta nyekundu, na hapo stoo hawakupi hata msumari. Kila kipuri kinatoka kwa oda yenye mashine ndani yake.

Sasa, mashine inaweza kufa ghafla, fundi akampelekea mgonjwa nyingine. Hiyo nyingine kwenye simu bado ni ya stoo. Kuiandika kwa jina la mgonjwa ni mpaka uombe makao makuu, nao makao makuu wanajibu wakijisikia. Mgonjwa atakuwa anapumua nini muda wote huo? Basi mafundi wakabuni njia yao. Wanabandua stika ya mashine iliyokufa, wanaibandika kwenye mashine mpya, na ya mpya wanaibandika kwenye maiti. Simu ikiskani inaona kijani. Kila mtu anakwenda kwake. Wenyewe wanaita kuvisha shati. "Huyu nimemvisha shati la marehemu," wanaambiana, wanacheka.

Meneja alipogundua aliwakusanya wote akawaambia atakayevisha shati tena ajue ameaga kazi. Wakaitikia ndiyo bosi. Wakaendelea, ila kwa kificho kidogo.

Mjomba alivisha shati mpaka mashine ya mama yake mzazi. Nilikuwepo. Ile ya zamani, kubwa, ya mtindo ule wa mwanzo, ilizima asubuhi moja ikawa ndiyo basi. Akaleta hii ya sasa, ndogo, ya mtindo mpya, akabadilisha stika pale pale sakafuni huku Bibi akivuta mtungi wa akiba. Chapchap, kazi imekwisha. Ile kubwa ikarudi karakana imevaa stika isiyo yake. Mtu wa karakana akaiskani, akabonyeza kwamba imekufa, ikaenda kwenye vyuma chakavu. Kwa hiyo ukiangalia kwenye simu, mashine inayomkoromea Bibi kila siku ilikuwa imeshazikwa, na ile iliyokatwakatwa vipande ndiyo inayompa pumzi. Hakuna aliyeumia. Tulikuwa tunakula, tunalala, tunacheka.

Siku yenyewe ilianza baada ya chai. Mashine ikapoteza ile pshii yake. Ikabaki fuuu, fuuu, kama mtu anayepuliza kuni mbichi, halafu king'ora kikaanza, mlio mwembamba usiokata. Nikahamishia mpira wa Bibi kwenye mtungi wa akiba, ule mdogo wa kutumia umeme ukikatika, nikampigia Mjomba.

"Mshale wa mtungi uko wapi?" akauliza.

"Umeshapita nusu."

"Mfungulie kidogo tu. Na mwambie asiongee."

Bibi alisikia. "Mwambie mwanangu," akasema, akameza pumzi, "kuninyima hewa ataweza. Kuninyima mdomo hawezi."

Mjomba alifika na gari la kampuni, hakuzima hata redio. Alifungua kifuniko cha mashine akiwa amepiga magoti, akatoa vali, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akafungua oda kwa jina la mama yake, akaskani stika, kijani. Akakimbia stoo, akarudi na kiboksi kilichofungwa. Bibi akamwuliza mbona anahema kuliko yeye mgonjwa, Mjomba akacheka, akachana kiboksi kwa meno.

Vali haikuingia.

Akaigeuza. Akaijaribu upande wa pili. Akaiweka kando ya ile ya zamani kwenye kiganja, na hapo nikamwona uso unabadilika. Yeye siku zote alidhani vali za mitindo yote miwili ni sawa, maana vichujio vyake ni sawa. Lakini stoo walitoa kwa kufuata oda, na oda ilisema mashine ya mtindo wa zamani, kwa sababu shati lilikuwa la mtindo wa zamani. Vali aliyoleta ilikuwa ya mashine isiyokuwepo tena duniani.

Akampigia mtu wa stoo. Huyo wote wanamwita Bwana Stoo, hata mkewe, nasikia. Mjomba aliweka simu sakafuni ikiwa kwenye spika, mikono yake ikiwa bado ndani ya mashine.

"Bwana Stoo, vali uliyonipa siyo. Nipe ya mtindo mpya."

"Oda yako inasema mtindo wa zamani."

"Najua inavyosema."

"Sasa kati yako na oda nimsikilize nani? Stoo yangu haina macho, bwana, ina oda."

"Ni ya mama yangu, ndugu yangu."

"Nami nimekutolea mbio kwa sababu ni ya mama yako. Ongeza mashine yenyewe kwenye oda, vali hii hapa, naishika mkononi."

Namba halisi ya mashine imechongwa ndani, chini ya kifuniko, mahali ambapo stika haifiki. Mjomba akaniambia nimsomee, akaiandika kwa vidole vyenye vumbi, akabonyeza alama ya kujumlisha. Nyekundu. Mashine hii imeondolewa kazini, haiwezi kuongezwa.

Bwana Stoo alikuwa anaona kile kile kwenye kompyuta yake. "Chapchap," akasema, "hii naiona imezikwa. Maiti haandikiwi dawa." Kisha sauti yake ikashuka. "Umevisha shati, siyo?"

Mjomba akarudisha mkono ndani ya mashine.

"Haya, mimi sijauliza."

"Nina oda nyingine," Mjomba akasema haraka. "Ile mashine mpya ya mtoto mgonjwa niliyekuwa nampelekea leo, iko garini. Mtindo ni huu huu. Nipe vali kwa oda hiyo."

"Ile niliyokutolea leo leo kwenye boksi lake? Haijawashwa hata mara moja, tayari inaumwa vali? Imezaliwa nayo? Meneja ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe. Mimi pia nina mama, Chapchap. Anakula kwangu."

Akakata.

Mjomba akapiga simu hospitali. Huko alijibiwa na mwanamke mpole kabisa, akasema njooni, ila njooni na mtungi wenu, hewa ya mabomba ya ukutani wagonjwa wameishika yote. Mtungi wetu wenyewe ndio ulikuwa tatizo. Mshale ulikuwa unalala, na Bibi alikuwa ameacha kutania. Midomo yake ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Alikuwa ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili na kuangalia ukuta, kama mtu anayevuka mahali pa kuteleza.

Nadhani sote tulikuwa tunafikiria kitu kimoja. Gari lilikuwa mlangoni, na ndani ya gari kulikuwa na mashine nzima, nzuri, mpya.

Mjomba alitoka. Akarudi amebeba boksi kifuani, akaliweka chini katikati ya chumba, akanipa simu niishike, akachomoa kisu.

"Hiyo ya nani?" Bibi akauliza.

"Yako, mama."

"Mbona hukuileta ulipokuja?"

Mjomba akachomeka kisu kwenye utepe wa boksi. Na simu ikaita mkononi mwangu. Sikujua la kufanya nayo, nikabonyeza, sauti ya mwanamke ikajaa chumbani.

"Fundi, shikamoo. Samahani nakusumbua. Uko wapi sasa? Ni mama wa mtoto. Mtungi tuliopewa hospitali mshale wake umelala, sijui ndiyo umekwisha au vipi. Namtazama hapa anavuta na mbavu. Fundi? Unanisikia?"

King'ora cha mashine yetu kilikuwa bado kinalia. Kutoka kwenye simu nacho kilisikika kitoto kinachotaka kulia na hakina hewa ya kulilia.

"Nakusikia," Mjomba akasema.

"Uko karibu?"

Hakutoa kisu. Alikitazama tu kilivyosimama kwenye boksi. Sijawahi kumwona mtu yule akikaa bila kufanya kitu. Hata akila anatikisa mguu. Pale alikuwa ametulia kama jiwe, na mimi nikajua kwamba akikivuta kisu kuja kwake, tutaishi, na hatutazungumza tena humu ndani.

"Mshale umelala kabisa au bado unacheza?" akauliza.

"Unacheza kidogo."

"Mlaze kifuani kwako, ubavu. Usimfunike. Nakuja." Akachomoa kisu, akakifunga, akanigeukia. "Mbebe Bibi."

"Wapi?"

"Kwenye gari. Mbebe, mimi nabeba hii."

Bibi ni mwepesi, ni mifupa na kanga. Nilimbeba mgongoni, mtungi nikauning'iniza begani, na Mjomba akatoka mbele na boksi. Mara hii hakujali foleni wala taa. Bibi aliweka kichwa begani mwangu njia nzima na kila pumzi yake niliisikia shingoni, moja, halafu nangoja, halafu nyingine.

Yule mama wa mtoto ni fundi cherehani. Anaishi chumba kimoja nyuma ya duka la vyombo, na chumba chenyewe nusu ni kitanda, nusu ni vitambaa: sare za shule zilizokatwa, mikono isiyo na mashati, vifungo kwenye makopo. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani. Alimwona Mjomba na boksi, uso ukafunguka. Halafu akaniona mimi na mzigo wangu.

"Fundi," akasema, "mimi nimeagiza mashine. Sikuagiza bibi."

Bibi akainua kichwa. "Mimi ni kipuri, mwanangu," akasema, na akaishiwa.

Mjomba hakueleza kitu mpaka alipomaliza mashine. Aliitoa kwenye boksi, akaichomeka, akafungua oda, akaskani stika. Kijani. Mashine, stika na mgonjwa vilikuwa chumba kimoja, kila kimoja kwa jina lake. Ikaanza: fuuu, kimya, pshii. Akamfunga mtoto mpira mdogo puani. Akamtazama kidoleni kwa kile kipimo cha taa nyekundu kinachosoma hewa iliyo kwenye damu, tukangoja wote, namba ikapanda.

Ndipo akamgeukia mama wa mtoto, akaongea naye akiwa bado amepiga magoti.

"Dada, mashine hii inatoa hewa nyingi kuliko anayohitaji mtoto. Mtoto anavuta kidogo sana. Nina kigawio cha wodini, kina koki mbili, kila mtu na kipimo chake. Cha mtoto hakiguswi. Kinachobaki nampa huyu. Ni mama yangu. Ya kwake imekufa kwa kosa langu."

"Ukigawa, mwanangu hatapungukiwa?"

"Hapungukiwi. Ukiona namba yake imeshuka hata kidogo, ng'oa mpira wa mama yangu. Usiniulize."

Yule dada alimtazama Bibi. Bibi alikuwa juu ya rundo la sare za shule, amefumba macho. Kama angesema hapana, nisingemlaumu, mimi mwenyewe ningesema hapana. Alichukua kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, akakitupa kando, akatandika kitanda.

"Mlaze upande wa ukuta," akaniambia. "Na akikohoa ageuke huko."

Mjomba akafunga kigawio. Akafungua koki ya mtoto, akaipima, kisha akafungua ya Bibi, pole pole, kama anapunguza moto wa jiko. Kipimo kikahama kutoka kidole kidogo kama harage hadi kidole cha Bibi kilichopinda. Namba ilikuwa ya kutisha. Ikakaa. Ikapanda moja, ikarudi. Ikapanda tena. Bibi akaachia ukingo wa kitanda.

Basi Mjomba akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, akampigia Meneja, simu ikiwa kwenye spika. Niliwasikia kwa sababu nilikuwa nimeshikilia pazia la mlango ili hewa ipite.

"Bosi, nimevisha shati. Ya mama yangu. Ile namba iliyozikwa ndiyo inayofanya kazi, naomba uifufue niiongeze kwenye oda, nipate vali."

Meneja si mtu wa kufoka, na hiyo ndiyo inayowatisha. "Ni hiyo tu?" akauliza.

"Kwa mama yangu ni hiyo tu."

"Sikukuuliza kwa mama yako."

Mjomba akatazama viatu vyake. Mtoto wa jirani alikuwa anasukuma tairi uani. "Nimevisha nyingi," akasema. "Sikuhesabu. Lakini nyumba nazijua."

"Zitaje."

"Nikitaja, wenzangu..."

"Nitajie zako. Za wenzako watataja wenyewe. Na usidhani nakupa biashara, Chapchap. Ya mama yako naanza nayo hata ukinyamaza. Lakini hizo nyingine, siku moja vali zake zitapasuka, na sitajua niwape nini. Unataka iwe hivyo?"

Mjomba akazitaja moja moja, bila haraka. Alisema mtaa, rangi ya mlango, mgonjwa ni nani, mashine ina alama gani. Alipomaliza Meneja akamwambia makao makuu wanafufua mwanzo wa wiki, hata yeye hawezi kuwapita. Kisha akasema gari alirudishe jioni, na simu aiache kwenye kiti.

Tulikaa kwa fundi cherehani mpaka wiki ilipoanza. Mimi na yeye tulilala kwa zamu, mmoja macho kwenye vidole vya wagonjwa. Mara mbili namba ya mtoto ilitetereka, na mara zote mbili mama yake aling'oa mpira wa Bibi bila kuniangalia, na Bibi akakaa bila hewa, anahesabu kwa midomo, mpaka mtoto alipotulia. Ndivyo tulivyopatana. Wakati wa nafuu Bibi alikuwa anamshonea vifungo, maana mikono yake bado inafanya kazi, na yule dada akamwambia, "Bibi, ungekuwa na mapafu ningekuajiri." Bibi akasema yeye hafanyi kazi kwa watu wanaompokonya pumzi. Walicheka wote wawili, lakini hakuna aliyeondoa macho kwenye kipimo.

Namba ilipofufuliwa, alitumwa fundi mwingine kuja kwetu kufunga vali, mtu aliyekuwa anakunywa chai na Mjomba miaka yote. Hakumsalimu. Aliongeza mashine kwenye oda kwa namba ile iliyochongwa ndani, ikaja kijani, akafunga vali huku Mjomba amesimama mlangoni mikono mitupu.

"Umetuvua nguo, Chapchap," akasema akiwa amempa mgongo. "Makao makuu wamefunga kila oda ya nyumba ulizotaja mpaka zikaguliwe. Mkaguzi ni mmoja."

"Ningefanya nini?"

"Ungenyamaza ukaniambia mimi. Ningekutafutia vali." Labda ni kweli. Labda asingeipata. Mjomba alitia sahihi kwa kidole kama mteja, yule bwana akaondoka. Tukamrudisha Bibi nyumbani, mume wake akakoroma tena.

Kwenye nyumba alizotaja Mjomba kulikuwa na mzee mmoja, mpiga tarumbeta wa zamani, anakaa juu kabisa kwenye jengo lisilo na lifti. Mashine yake ilianza kuzima siku ambayo mkaguzi alikuwa bado yuko mitaa ya upande mwingine. Fundi alifika, akaskani, ikaja nyekundu ya kufungwa, akarudi kuuliza. Mke wa mzee alimpigia Mjomba kwenye simu yake mwenyewe. Mjomba alikimbia kwa miguu mpaka kule, akapanda ngazi zote, akamshusha mzee mgongoni, akampeleka hospitali. Mzee hakungoja. Alifia kwenye benchi la korido, kichwa kwenye paja la Mjomba.

Msibani Mjomba alikaa nyuma kabisa. Mimi nilikuwa nimekwenda naye, Bibi tumemwachia jirani. Yule mjane alimtafuta kwa macho, akapita katikati ya watu, akamshika mikono yote miwili mbele ya wanawe. "Huyu," akawaambia, "ndiye alikuwa anamjali baba yenu. Wa kampuni walikuja wakaondoka. Huyu ambaye wamemfukuza ndiye aliyembeba." Watoto wa marehemu wakainuka kumpa mkono. Mjomba alifungua mdomo. Akaupokea mkono wa kwanza, na wa pili, na akawashukuru.

Tuliporudi, Bibi alikuwa ameketi kitandani na mpira wake puani. Akamtazama mwanawe akivua viatu.

"Wanajua oda yao ilifungwa kwa sababu yako?" akauliza.

"Hawajui."

"Wamekuambia nini?"

"Wamenishukuru."

Mashine ilisema yake, ikanyamaza, ikasema tena. Bibi aliingoja kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuongea.

"Mimi hapa napumua," akasema. "Na yule mama kule amefiwa, halafu anakushukuru. Hilo utalala nalo vipi, baba?"

"Nikiwaambia, watapata nini? Atarudi?"

"Harudi. Lakini watajua wamkasirikie nani. Sasa hivi wanajilaumu wao, kwamba walichelewa kupiga simu. Mimi nilimzika baba yako, najua mtu anavyokaa anahesabu alichochelewa."

Mjomba alikaa na kiatu kimoja mkononi. Aliinama, akakivaa tena, akafunga kamba, akavaa na cha pili. Mlangoni aligeuka akanitazama, sijui alitaka niende naye au nisiende. Nikabaki na Bibi, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mlango aliuacha wazi. Tulimsikia anavyotembea uani, kisha barabarani, upande wa kule msibani, kisha hatukumsikia tena.